Mto Hauna Kalenda: Nani Huamua Tusafiri Mafuriko Yakija Garissa?

Kila mvua ikianza huko juu, inboksi yangu hujaa swali moja: barabara iko aje, niende ama nisiende? Mmoja ana nikaha Eastleigh siku ya Ijumaa. Mwingine ameitwa kwa mahojiano ya kazi Nairobi. Mwingine ni mama, mtoto wake anasoma shule ya bweni Thika na muhula unaanza Jumatatu. Wananiuliza mimi juu huwa napiga video pale darajani na wanaona maji yamefika wapi. Lakini mimi si mtu wa hali ya hewa, mimi ni kijana wa Iftin mwenye simu tu.

Siku hizi swali hilo nalijibu kwa swali lingine. Hiyo tarehe unayoikimbilia, ni nani aliyeiweka? Na huyo mtu anajua mto umefika wapi?

Mnisikilize vizuri. Kila mafuriko yakitukumba, lawama huwa za msafiri. Ati mbona alipanda boti, mbona dereva aliingia majini, ati watu wa huku ni wabishi. Nimesoma historia ya mafuriko yetu kadiri nilivyoweza, na naona tunamuuliza mtu asiyefaa. Mtu anayesimama ukingoni na begi mkononi, uamuzi ulishafanywa kabla yake na yule aliyeweka tarehe, halafu akakataa kuisogeza ama akaisogeza kama tayari watu wako njiani.

Kwanza nieleze kwa wale wasiojua kwetu. Ukitoka Garissa kwenda Nairobi ni karibu kilomita 370. Unavuka daraja la Tana, na ukishavuka tu uko kaunti nyingine, Tana River, pale Mororo na Madogo. Kwa hivyo sehemu ya kwanza ya barabara inayotukata na dunia hata si ya kaunti yetu. Mbele zaidi unapita Tula, halafu Bangale, na njiani kuna laga kadhaa. Laga ni mto usio na maji karibu mwaka mzima. Mbuzi hupita hapo, watoto hucheza mpira hapo. Mvua ikinyesha mbali, laga hujaa kwa muda mfupi na kusomba chochote kilicho mbele yake.

Mto Tana wenyewe una tabia tofauti. Maji yake hutoka Mlima Kenya na Aberdare, yakapita kwa yale mabwawa ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ikijaa, maji humwagika juu ya ukuta na kuteremka kuja kwetu. Ndiyo maana Garissa unaweza kuona jua kali, anga safi bila wingu hata moja, na bado watu wa Ziwani na Bakuyu wanabeba magodoro kichwani. Mafuriko yetu husafiri kabla ya kufika. Hilo ni muhimu sana kwa hoja yangu, kwa sababu maji yanayosafiri hutoa nafasi ya kuonya watu. Laga haitoi nafasi hiyo. Mto hutoa.

Sasa turudi nyuma.

Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa namba. Mwaka ulipewa jina la kilichotokea: ukame fulani, ugonjwa fulani wa ngamia, vita fulani. Ayeyo wangu hakujua tarehe yake ya kuzaliwa, ila alijua alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi wadogo ule mwaka wa maji. Huo ulikuwa mwisho wa 1961. Kenya nzima ilikuwa imetoka kwenye ukame, kisha mvua ikaja bila kiasi. Huko chini ya nchi wakaiita mafuriko ya Uhuru, kwa sababu Uhuru ulikuwa unakaribia. Barabara zilikatika kiasi kwamba ndege za jeshi la anga la Uingereza zilidondosha chakula kwa watu waliozingirwa na maji.

Kitu kimoja hunishangaza kuhusu 1961. Mfugaji wa wakati huo hakuwa na tarehe ya kumlazimisha avuke. Maji yakija, anahama na mifugo kwenda mahali palipoinuka. Harusi hungoja, na mkutano wa wazee hungoja chini ya mti mwingine. Sisemi maisha yalikuwa rahisi, watu walikufa na njaa ilikuwepo. Nasema tu kwamba kalenda ilikuwa mikononi mwa yule aliyeona maji. Deyr ikizidi, mambo ya deyr husogea. Gu ikizidi, vivyo hivyo. Leo kalenda iko ofisini, mbali na mto.

Mtihani mkubwa wa hiyo kalenda mpya ulikuja 1997. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini hapa Garissa hakuna mtu mzima asiyekumbuka El Niño. Abti wangu husema siku hizo sikukuu ilikuwa siku ambayo lori limefika na unga. Sasa katikati ya maji hayo, Kenya ilikuwa na uchaguzi mkuu, tarehe 29 Desemba 1997. Uchaguzi wa 1992 pia ulikuwa umefanywa 29 Desemba, kwa hivyo miezi ya mvua ya vuli haikuwa kitu kigeni kwa waliopanga. Lakini hii mvua haikuwa ya kawaida. Sehemu nyingi za nchi vifaa vya kura vilichelewa kufika, na tume ya uchaguzi ikaongeza siku ya pili, tarehe 30.

Siku moja! Mtu wa Nairobi aliona huo ni ungwana mkubwa. Lakini kama kituo chako kiko ng'ambo ya laga iliyojaa kwa wiki kadhaa, siku moja ya ziada haikusaidii kitu. Haiwezi kukausha barabara. Inachofanya ni kukuongezea saa 24 za kujaribu kuvuka.

Na kuna jambo lingine lilikuwa likiendelea hapa mwezi huohuo, ambalo wengi hawalijui. Desemba 1997 ziliripotiwa habari za vifo 170 wilayani Garissa, watu wakiwa na homa na kutoka damu. Vipimo vikaonyesha kulikuwa na homa ya Bonde la Ufa, ambayo huletwa na mbu wanaozaana kwenye maji yaliyotuama, na huambukiza pia kupitia damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Baadaye watafiti walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake. Fikiria hiyo picha. Mbuzi wanatupa mimba, watu wanaugua, barabara zimekatika, daktari hawezi kufika kwa urahisi, na nchi inakwambia leo ndiyo siku ya kupanga foleni. Uamuzi wa kusafiri wakati wa mafuriko hauhusu kuzama peke yake. Unahusu pia unakokwenda kuna nini, na utarudi na nini nyumbani.

Katiba ya 2010 ilibadilisha kitu hapo. Uchaguzi mkuu sasa ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Na Agosti kwetu ni hagaa, laga zimekauka, vumbi tupu. Yaani tarehe ya kitaifa inaweza kuhamishwa kutoka mwezi wa maji hadi mwezi mkavu, na Kenya isianguke. Wekeni hiyo akilini, nitairudia.

Tuje kwa ile El Niño ambayo hata sisi vijana tuliiona kwa macho, ya 2023. Mwanzoni mwa Oktoba, Rais Ruto aliwaambia Wakenya kwamba wataalamu wamebadilisha utabiri, mvua itakuwepo lakini si ile ya kuharibu. Kufikia Novemba, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilikuwa chini ya maji pale Mororo na Madogo, malori yamepanga foleni pande zote mbili, watu wanavushwa kwa boti. Simlaumu mtu kwa kutojua ya kesho, ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini mtu wa kawaida hupanga safari kulingana na alichoambiwa. Ukimwambia hakuna kitu, ataweka harusi Novemba, atalipia ukumbi, atanunua mbuzi. Siku maji yanafika, tayari ana pesa zimezama, na mtu mwenye pesa zilizozama huvuka.

Novemba hiyohiyo ilikuwa ya KCSE. Ratiba haikusogea. Serikali ikatumia helikopta kupeleka karatasi za mtihani sehemu zilizokatwa na maji. Nawapa heko, karatasi zilifika. Lakini si nyinyi mnaona? Karatasi ilipata helikopta, mtahiniwa akapata miguu yake. Mtoto wa Nairobi alihangaika na maswali ya hisabati. Mtoto wa kwetu alihangaika kwanza na jinsi ya kufika kwenye dawati, halafu hisabati ikamkuta amechoka na amelowa. Matokeo yakitoka, yanapangwa kwenye orodha moja.

Halafu ikaja 2024, na hii bado haijapoa kifuani.

Tarehe 9 Aprili 2024 ilikuwa Jumanne. Idi ul-Fitri ilikuwa kesho yake, Jumatano. Kila aliyewahi kufunga Ramadhani mbali na nyumbani anajua ile siku ya mwisho ilivyo: simu zinapigwa, nguo mpya ziko kwenye begi, mama anauliza umefika wapi. Siku hiyo basi la abiria kwenye barabara ya Garissa na Nairobi lilizidiwa na maji pale Tula. Mlikumbuka zile picha, watu wamesimama juu ya paa la basi na maji ya kahawia yamewazunguka pande zote. Msalaba Mwekundu wa Kenya na wenzao wakafika, na watu 51 wakaokolewa. Alhamdulillahi. Ilikuwa laga, na laga nimeshasema haingoji.

Wiki tatu baadaye hatukuwa na bahati hiyo. Jumapili, tarehe 28 Aprili, boti iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka pale Kona Punda, upande wa Madogo. Barabara ilikuwa imefunikwa, boti ndiyo iliyokuwa barabara. Watu 23 waliokolewa. Wengine wakachukuliwa na maji, na familia zikakaa ukingoni zikisubiri miili.

Sasa angalia tarehe. Muhula wa pili ulipangwa kuanza Jumatatu, tarehe 29 Aprili, yaani kesho yake. Nchi nzima wiki hiyo ilikuwa kwenye mafuriko, hakuna aliyeweza kusema hajui. Na bado ilifika Jumapili jioni tarehe haijasogezwa. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu ndipo Waziri wa Elimu wa wakati huo, Ezekiel Machogu, alipotangaza shule zitafunguliwa wiki moja baadaye, tarehe 6 Mei. Tarehe 3 Mei Rais akaahirisha tena, safari hii bila kutaja siku. Mwishowe shule zilifunguliwa tarehe 13 Mei.

Sisemi kila aliyekuwa kwenye boti ile alikuwa anaenda shule. Boti hubeba kila mtu, mwenye mgonjwa, mwenye duka, mwenye mkutano. Ninachosema ni hiki: tangazo la kusogeza tarehe lilikuwa sahihi, lakini lilikuja wakati wanafunzi wa huku walishaanza safari tangu Ijumaa ama Jumamosi. Mtoto anayesoma Thika ama Machakos haanzi safari asubuhi ya siku ya kufungua. Tangazo la usiku wa manane humsaidia anayekaa kilomita tano kutoka shuleni. Wa kilomita 370 analisomea kituo cha basi, ama ukingoni. Muhula ulisogea wiki mbili nzima na nchi haikuanguka. Kwa hivyo kusogeza kuliwezekana. Kilichokosekana ni kusogeza mapema.

Najua kuna watakaosema, wewe kijana unawatetea wabishi, kwani mtu hana akili yake? Ana akili, na kuna safari za upuuzi kabisa, wallahi. Dereva anayeona maji ya kiunoni na kuingia na abiria nyuma, huyo simtetei. Lakini mtu wa kawaida hapimi maji peke yake. Anapima maji dhidi ya kile atakachopoteza asipofika. Asipofika mahojiano, kazi inapewa mwingine. Asipofika siku ya kufungua, mtoto anarudishwa getini akalete mzazi. Asipofika mtihani, mwaka umeenda. Ukimwondolea hiyo hasara, utaona vile "wabishi" wanakaa nyumbani kunywa chai.

Na cha ajabu, sisi Waislamu wa huku tayari tunayo hekima hii, tunaisoma madrasa tukiwa wadogo halafu tunaisahau. Imepokewa kwamba Ibn Abbas, siku moja ya Ijumaa yenye mvua na matope, alimwagiza muadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao badala ya kuwaita msikitini. Watu wakastaajabu. Ijumaa! Akawaeleza kwamba aliyekuwa bora kuliko yeye, Mtume, rehema na amani zimshukie, alifanya hivyo, na kwamba yeye hakutaka kuwatoa watu watembee kwenye matope.

Tazameni ruhusa yenyewe ilitoka wapi na saa ngapi. Haikungojwa watu walowe ndipo waambiwe pole. Ilikuwa ndani ya adhana, kwenye mwito wenyewe. Yule anayeita ndiye aliyesema msije, kabla mtu hajavaa viatu. Hilo ndilo naomba kwa kila mwenye kuita watu: wizara, chuo, mwajiri, na sisi wenyewe wenye harusi.

Ndiyo, na sisi wenyewe. Tusinyooshee serikali kidole peke yake. Nikaha inahitaji walii na mashahidi wawili, na bwana harusi aliye ng'ambo anaweza kuweka wakili. Karamu inaweza kungoja maji yapungue. Mazishi yetu hayangoji mtu, tunazika siku hiyohiyo, na kwa aliye mbali ipo swala ya ghaibu, kama Mtume alivyomswalia Najashi mfalme wa Uhabeshi. Dini haikumwacha asiyefika. Sisi ndio tunampigia mtu simu mara kumi, "adeer, usipokuja tutajua hukutaka," na yeye amesimama Madogo anaangalia maji. Maneno kama hayo ni uzito kwenye boti.

Kwa hivyo nina mambo matatu, na si ndoto.

La kwanza, wenye kupanga kalenda ya taifa waiangalie ramani ya mvua. Muhula wa pili hufunguliwa mwisho wa Aprili, katikati ya gu. KCSE huwa Novemba, katikati ya deyr. Mara mbili kwa mwaka nchi inatuita barabarani wakati barabara yetu iko hatarini zaidi. Uchaguzi ulipata Agosti. Kama mtihani hauwezi kuhama kwa nchi nzima, basi kaunti za huku ziwe na ruhusa iliyoandikwa mapema: maji yakifika kiwango fulani pale Garissa, mtoto anaripoti shule iliyo karibu naye na hahesabiwi mchelewaji.

La pili, tangazo la maji na tangazo la tarehe vitembee pamoja. Masinga ikianza kumwaga, huwa tunaambiwa walio kando ya mto wahame. Vizuri. Siku hiyohiyo wizara na waajiri wapate habari hiyohiyo na waseme neno, juu maji yanahitaji muda kufika kwetu na msafiri anahitaji muda uleule kubaki.

La tatu ni letu. Ukiweka shughuli kati ya Oktoba na Desemba, ama Machi hadi Mei, weka na tarehe ya akiba, na uiandike kwenye kadi. Isiwe siri, isiwe aibu. Mgeni ajue kwamba mto ukijaa hakuna atakayemnunia.

Iftin kwa Kisomali ni mwanga. Mwanga wa kuona maji yanakuja tunao, siku kadhaa kabla hayajafika. Kwa hivyo wewe mwenye nikaha ya Ijumaa Eastleigh, swali lako nimelipata. Usiniulize mimi maji yamefika wapi. Mpigie aliyekualika, umwambie mto umejaa, na umuulize kama atasogeza. Na wewe uliyealika, ukipigiwa simu hiyo, jibu haraka, kabla hajafika ukingoni.